THIETA YA TAIFA: NYUMBA YETU, AU NYUMBA YA WENYE PESA?

Jumamosi moja, baada ya zamu ya asubuhi, sisi watu kumi na mmoja wa hapa Luzira tulipanda teksi moja kwenda mjini. Hatukwenda sokoni, wala hatukwenda kwenye mkutano wa chama. Tulikwenda kutazama mchezo wa kuigiza katika Thieta ya Taifa.

Kati yetu, sita hawakuwa wamewahi kuingia ndani ya jumba hilo, ingawa wameishi Kampala miaka ishirini na zaidi na wamepita mbele yake mara zisizohesabika. Mwenzetu mmoja alituambia waziwazi kwamba siku zote alidhani ni ofisi ya serikali. Mwingine alisema alijua ni thieta, lakini alidhani mtu hawezi kuingia bila kuvaa tai.

Mchezo ulikuwa wa Kiganda, juu ya ndugu wanaogombania kiwanja cha marehemu baba yao. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha mwishoni tukanyamaza, kwa sababu karibu kila mmoja wetu ana kesi ya namna hiyo kijijini kwao. Dada mmoja kutoka West Nile, ambaye Kiganda chake ni cha sokoni tu, alifasiriwa kwa Kiswahili na jirani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wala hakuna aliyemkemea jirani huyo kwa kunong'ona. Lakini tuliona mambo mawili. Kwanza, viti vingi vilikuwa vitupu. Pili, bei ya tiketi ilikuwa karibu sawa na malipo ya kibarua ya siku mbili.

Tukiwa njiani kurudi, kuanzia Nakawa mpaka Port Bell, tulibishana juu ya swali moja: jumba lile ni la nani? Makala hii ni jibu letu.

LILIJENGWA KABLA YA UHURU

Thieta ya Taifa iko katikati ya mji, karibu na Bunge. Ilifunguliwa Desemba 1959, wakati nchi ingali chini ya gavana wa Mwingereza. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuunda Kituo cha Taifa cha Utamaduni, ambacho ndicho kinachoisimamia thieta hadi leo. Ukumbi wake si mkubwa: viti havifiki mia nne. Zamu moja ya kiwanda kikubwa inaweza kuujaza na watu wakabaki nje.

Katika miaka ya kwanza, sehemu kubwa ya michezo iliyochezwa humo ilikuwa ya Kiingereza. Wazungu waliokuwa wakifanya kazi Kampala walikuwa na chama chao cha kuigiza, na Wahindi nao walikuwa na vikundi vyao. Hakukuwa na bango la kumkataza mtu wa kazi ya mikono asiingie. Lakini lugha, bei, na saa ya kuanza mchezo vilitosha kumwambia kwamba hakualikwa.

Hata hivyo, watu wa Uganda hawakungoja kujengewa jumba ndipo waigize. Mwaka 1954, miaka mitano kabla ya thieta kufunguliwa, mwalimu na mtunzi Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi chake, African Artists Association, kilichocheza michezo ya Kiganda juu ya maisha ya watu wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mchezo wake uitwao Wokulira ulisikika kwenye redio. Ambaye hakuwa na pesa ya tiketi alimsikiliza Kiyingi dukani au kwa jirani mwenye redio. Kwa hiyo, mtu akituambia kwamba wakoloni ndio waliotuletea michezo ya kuigiza, tumjibu kwamba walileta jengo; waigizaji walikuwapo.

Novemba 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru, mwanafunzi mmoja wa Makerere kutoka Kenya alionyesha mchezo wake katika thieta hiyo, katika shamrashamra za Uhuru wa Uganda. Mchezo uliitwa The Black Hermit, na kijana huyo, wakati ule akiitwa James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefariki mwaka 2025. Mkumbukeni, kwa sababu tutarudi kwake.

OKOT ANAFUNGUA MLANGO

Mwaka 1966 Kituo cha Utamaduni kilipata mkurugenzi Mwafrika, Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu. Wengi wanamjua kwa kitabu chake Song of Lawino, kilichotoka mwaka huohuo. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mchezaji wa mpira, na mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda.

Okot hakukubali kwamba sanaa ni kitu cha watu kukaa kimya gizani na kupiga makofi kwa adabu. Kwake yeye, ngoma ya kijijini ni sanaa, na mwenye kuicheza ni msanii sawa na yule aliyesoma Ulaya. Akaleta ngoma na nyimbo za sehemu mbalimbali za nchi zichezwe kwenye thieta ya mji mkuu. Lakini hakudumu. Hata miaka mitatu haikutimia, akaondolewa katika kazi hiyo, naye akaenda kuishi na kufundisha Kenya kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1982.

Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walianza kupakia michezo yao kwenye gari na kuipeleka vijijini na kwenye miji midogo. Walicheza kwenye viwanja na kumbi za shule, kwa Kiingereza, kwa Kiganda, kwa lugha nyingine za nchi, na kwa Kiswahili pia. Walijifunza jambo ambalo sisi wa vyama tunalijua siku nyingi: mtu asipoweza kuja mkutanoni, mkutano uende kwake.

MIAKA YA UMATI, MIAKA YA DAMU

Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia akiwapa siku tisini, na Wazungu wengi nao wakaondoka. Biashara ikaharibika. Filamu kutoka nje zikawa adimu, na sinema zikakosa cha kuonyesha. Hapo ndipo michezo ya kuigiza ya Kiganda ilipojaa watu. Vikundi viliongezeka mwaka hata mwaka, na kila ukumbi uliopatikana ukawa thieta. Wale ambao zamani hawakualikwa, yaani makarani, mafundi, wachuuzi na watu wa viwandani, sasa ndio waliokuwa wakinunua tiketi. Jumba la mkoloni lilipata wenyewe.

Lakini ukweli ulikuwa mali ya hatari. Robert Serumaga, aliyekuwa na kikundi cha Abafumi, aliona kwamba neno moja linaweza kumuua mtu. Akatunga michezo ambayo waigizaji walisema zaidi kwa mwili, kwa wimbo na kwa ngoma, kuliko kwa maneno. Kikundi chake kilisafiri nchi nyingi za nje. Mwishowe Serumaga mwenyewe aliingia katika mapambano ya kumwondoa Amin, akawa waziri kwa muda mfupi mwaka 1979, akafariki Nairobi mwaka 1980.

Byron Kawadwa hakupata kuiona siku ya Amin kuanguka. Huyu alikuwa mwanzilishi wa kikundi cha Kampala City Players, na baadaye akapewa uongozi wa Thieta ya Taifa yenyewe. Mchezo wake wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ulieleza habari za uchu wa madaraka katika jumba la kifalme. Watu waliupenda sana. Mapema mwaka 1977 Uganda iliupeleka Lagos, Nigeria, kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililoitwa FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi, watu wa usalama walimkamata Kawadwa katika thieta, mahali pake pa kazi, wakamchukua, na akauawa.

Ndugu wafanyakazi, tulifikirie jambo hili. Mtu aliuawa kwa sababu ya kazi yake, na alichukuliwa akiwa kazini. Katika vyama vyetu tunawakumbuka wenzetu waliokufa kwenye mashine, migodini na kwenye mashamba. Jina la Byron Kawadwa linastahili kuwekwa katika orodha hiyohiyo.

MAMA UGANDA NA WATOTO WAKE

Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini amani haikuja siku hiyo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na ya "panda gari", watu wakikamatwa barabarani na kupakiwa kwenye malori. Nani angethubutu kurudi Luzira usiku kutoka kwenye mchezo? Mchezo wa mchana ndio uliomfaa mtu aliyetaka kulala kwake salama.

Mwaka 1987, wakati nchi ikijaribu kuungana, Rose Mbowa wa Makerere alitoa mchezo wa Mother Uganda and Her Children. Mama ana watoto wengi wanaogombana, na kila mtoto ana ngoma yake na lugha yake. Hakuna aliyehitaji kuwa na digrii ili kuuelewa. Sisi tunaofanya kazi na Waacholi, Wasoga, Waganda, Walugbara na Wakongo kwenye mstari mmoja wa mashine tunamjua mama huyo na watoto wake vizuri.

Kisha ukaja ukimwi. Mwaka 1991 kikundi cha Bakayimbira Dramactors kilicheza Ndiwulira, mchezo juu ya ugonjwa huo, wakati ambapo nyumba nyingi bado zilisema marehemu amelogwa. Siku hizo viwandani tulikuwa tukichangisha pesa za mazishi karibu kila wiki. Mchezo ulisema hadharani yale ambayo mtu aliogopa kumwambia mkewe. Na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990 Alex Mukulu alitoa Thirty Years of Bananas, akiuliza Uganda imepata nini katika miaka thelathini ya Uhuru. Watu walijaa. Serikali ilisemwa mbele ya macho yake, na mtunzi akarudi nyumbani salama. Ukikumbuka ya Kawadwa, hilo si jambo dogo.

VITI VINAKUWA VITUPU

Kilichofuata hakikuwa na bunduki. Zilikuja video na vibanda vyake, ambako mfasiri anaifasiri filamu ya Kimarekani kwa Kiganda, na kiingilio ni pesa kidogo sana. Zikaja televisheni nyingi, kisha simu. Vikundi vya vichekesho viliokoa siku nyingi za thieta kuanzia miaka ya 2000, lakini michezo mirefu ya kutungwa ilipungua. Kumbi nyingine za mji zilibadilika kabisa: sinema ya Norman, iliyokuwa maarufu, iligeuka kanisa.

Thieta ya Taifa ilibaki, lakini jumba huhitaji kula kama mtu. Taa, rangi, paa, na mishahara vyote vinahitaji pesa. Njia iliyopatikana ni kukodisha: ukumbi, vyumba, na uwanja. Kikundi kinachokodi ukumbi kwa bei kubwa hakina budi kuuza tiketi kwa bei kubwa. Tiketi ikipanda, mfanyakazi haji. Mfanyakazi asipokuja, viti vinakuwa vitupu. Na viti vikiwa vitupu, hutokea bwana mmoja mwenye suti akasema: "Mnaona? Watu hawalitaki jumba hili. Livunjwe."

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2018 ulijadiliwa mpango wa kulibomoa jumba hilo na kujenga ghorofa refu la biashara, ambamo thieta ingepewa sehemu yake. Wasanii walikataa. Walipaza sauti, wakaandika, wakakusanyika. Jumba bado limesimama. Lakini sisi tunaofanya kazi viwandani tunajua kwamba mpango wa namna hiyo haufi, hulala tu. Kiwanja kilicho karibu na Bunge ni dhahabu, na dhahabu haikosi wawindaji. Tumeona viwanda vya umma vilivyosemwa havina faida, vikauzwa, na wenzetu wakatoka na barua tu mkononi.

SOMO KUTOKA LIMURU

Sasa turudi kwa yule kijana wa Makerere. Miaka kumi na mitano baada ya kuonyesha mchezo wake Kampala kwa Kiingereza, Ngũgĩ alikuwa nyumbani kwao Limuru, Kenya, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Wakazi wa kijiji hicho walikuwa wakulima wadogo, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na vibarua wa mashamba ya chai. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, juu ya kibarua anayenyang'anywa kipande chake kidogo cha ardhi.

Wanakijiji waliusahihisha mchezo wenyewe. Kibarua alisema: hapana, msimamizi hasemi hivyo, husema hivi. Jukwaa na viti vya watu elfu mbili, pasipo paa, walivijenga kwa mikono yao, wakifanya mazoezi siku za mapumziko. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Novemba 16 serikali ikafuta kibali. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Machi 1982 askari walikwenda wakaivunja thieta hiyo ya wanakijiji mpaka chini.

Hebu tulinganishe. Kampala, mwaka 1977, mwenye thieta aliuawa. Limuru, mwaka huohuo, mwenye mchezo alifungwa. Serikali hazipotezi muda wao kwa mambo ya kipuuzi. Kama mchezo wa kuigiza ungekuwa burudani tu ya kupoteza wakati, wasingeuogopa.

Sisi wenyewe tumelionja hilo kidogo. Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu walitunga mchezo mfupi juu ya kibarua aliyekatwa vidole viwili na mashine isiyo na kinga. Walifanya mazoezi siku za Jumapili chini ya mwembe. Walipoomba kuuonyesha katika ukumbi wa chakula wa kiwanda kimoja, waliambiwa kwamba ukumbi ni wa kulia, si wa siasa. Wakacheza nje ya geti wakati wa kubadilishana zamu, kwa dakika ishirini. Wiki iliyofuata wafanyakazi wawili waliokuwa wameficha majeraha yao walimwendea mwakilishi wa chama kuandikisha madai ya fidia. Mikutano yetu mitatu kabla ya hapo haikuwa imefanikiwa kuwatoa.

MSANII NAYE NI MFANYAKAZI

Kuna kosa ambalo hata sisi tunalifanya. Tunamwona mwigizaji akicheka jukwaani, tunadhani anacheza. Kumbe yuko kazini. Amefanya mazoezi wiki nyingi bila malipo. Mara nyingi hana mkataba ulioandikwa, wala akiba ya uzeeni, na akianguka jukwaani na kuvunjika mguu, gharama ni yake. Mwaka 2006 Uganda ilipata sheria ya hakimiliki inayomlinda mtunzi na mwigizaji, lakini sheria bila chama cha kuisimamia ni kama nyundo bila mpini.

Mkumbuke mwaka 2020. Korona ilipoingia, viwanda vingi viliruhusiwa kuendelea kwa masharti kwamba wafanyakazi walale kazini, na wengi wetu tulilala chini, karibu na mashine, mbali na watoto wetu. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Lakini mshahara ulikuja. Kumbi za burudani zilifungwa tangu Machi 2020, na tamasha hazikuruhusiwa tena mpaka Januari 2022. Hebu fikiria kiwanda chako kifungwe karibu miaka miwili, bila taarifa ya kazi, bila kiinua mgongo.

TUNATAKA NINI?

Hapa Luzira sanaa si mgeni. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza letu walikuta ardhini kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, kazi ya mikono ya watu wa kale. Kichwa hicho kilipelekwa London, na mpaka leo kiko British Museum. Mtoto wa Luzira anayetaka kukiona lazima apate viza. Hicho kilituondoka kabla hatujajua thamani yake. Thieta tunaijua thamani yake, na haiko ng'ambo ya bahari. Iko mwendo wa teksi moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na tunaomba kila tawi liyajadili.

Kwanza, chama kiombe wasimamizi wa thieta waweke angalau mchezo mmoja wa mchana kila mwezi, siku ya Jumamosi, kwa bei nafuu kwa mwenye kadi ya chama. Sisi kwa upande wetu tuahidi kujaza viti.

Pili, wafanyakazi tuna wabunge wetu watano, na Bunge liko karibu na thieta. Waulizwe msimamo wao juu ya jumba hilo na kiwanja chake kabla mpango mwingine haujatolewa kwenye kabati.

Tatu, vyama vyetu viwapokee wasanii kama wafanyakazi, wasaidiwe kupata mikataba, bima, na akiba.

Nne, kila tawi lenye watu kumi wanaoweza kuimba, kucheza ngoma au kuigiza, lianzishe kikundi chake, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote inayoeleweka. Mwembe upo, na jukwaa litafuata.

Wale sita waliokuwa hawajawahi kuingia thieta wameshauliza safari ya pili ni lini. Yule aliyedhani ni ofisi ya serikali ndiye anayekusanya nauli. Anayetaka kwenda ajiandikishe kwa mwakilishi wake kabla ya siku ya mshahara.

Umoja ni nguvu.